Marisau au raifali? Bunduki mbili nilizowindia koyote

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu hapa Shela ya Malindi, watoto wa ndugu yangu walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vinne. Wanamtazama Mmarekani kavaa nguo za rangi ya majani makavu, kajibanza chini ya mti, anapuliza kipenga kinacholia kama sungura aliyenaswa mguu. Mnyama akachomoka kichakani, bunduki ikalia, video ikaisha. Mkubwa wao akanigeukia: "Ami, wewe si ulichunga mbuzi huko huko? Hebu tuambie, kwa mnyama anayekuja karibu hivi, bora ipi, ya marisau au raifali?"

Nilianza kumjibu mpaka kahawa ikapoa kikombeni, na bado sikuwa nimefika nusu. Basi nayaandika. Ya marisau inatema punje nyingi kwa mpigo mmoja, raifali inatoa risasi moja. Zote mbili nimezitumia, zote mbili nilizinunua kwa jasho langu, na zote mbili ziliniaibisha kabla hazijanifaa.

Kwanza niliweke hili wazi asije mtu akanisingizia. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Bweha akikumalizia kuku huko Ganda, au fisi akiingia zizini Marafa, unawaita watu wa KWS, shirika la wanyamapori, na bunduki yenyewe huruhusiwi kuwa nayo bila leseni. Ninayoyasimulia ni ya Texas, kwenye ranchi ya mbuzi, ambako koyote, bweha wa huko, huwindwa mwaka mzima, na yule anayeshambulia mifugo hata kibali cha uwindaji hakihitajiki kumpiga.

Nilishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikaenda nikijua nitakaa mjini niendeshe teksi kama wenzangu. Nikaishia kwa mbuzi. Ranchi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka San Angelo, mbuzi 400 hivi, wengi wao Boer, wale weupe wenye vichwa vyekundu. Siku ya kwanza niliposhuka garini nilicheka peke yangu. Pori lote mathenge! Wao wanauita mesquite, lakini ni ndugu wa huu wetu unaotunyang'anya malisho Tana River, ulioletwa Mombasa mwaka 1973 kupandwa kwenye machimbo ya Bamburi. Miba ileile, maganda yaleyale matamu, na mbuzi wanayapenda vilevile. Chini ya mathenge kumejaa mpungate, kila jani lina sindano za kukukalisha kitako wiki nzima.

Nalitaja pori mapema kwa sababu ndilo lililonichagulia bunduki. Katika mathenge ile humuoni mnyama akija kutoka mbali. Yuko, hayuko, halafu ghafla yuko hapo, hatua 20, anakutazama.

Koyote mwenyewe ni kama bweha aliyerefushwa miguu. Kilo 10 mpaka 16 hivi, masikio makubwa, na akikimbia mkia anaushusha chini, haubebi juu kama mbwa. Jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, coyotl, likapitia kwa Wahispania. Mmexico mmoja niliyefanya naye kazi, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, alikuwa akilitamka kama sisi tungelitamka, ko-yo-te, kila irabu na haki yake. Wamarekani wanalikatakata mpaka huelewi.

Mwaka wangu wa kwanza, mbuzi walipozaa, tulizika vitoto 11 ndani ya wiki tatu. Unakikuta asubuhi koo limetobolewa, tumbo limeliwa, na mama yake amesimama pale pale analia, matiti yamemjaa. Mwenye ranchi akaniambia, wewe ndiye mwenye macho mazuri, alfajiri ni yako. Na kweli mimi alfajiri niko macho siku zote. Nilikuwa naswali mbele ya kibanda changu, nimeelekea kaskazini mashariki, maana kibla cha Texas kiko huko wakati hapa Malindi tunaelekea kaskazini moja kwa moja, kisha naingia porini kabla jua halijatoka.

Basi nikaenda mjini kununua bunduki. Unajaza fomu namba 4473, mwenye duka anapiga simu serikalini kuuliza kama una doa, mimi nikaonyesha na kadi yangu ya ukaazi, na haikupita nusu saa nikatoka na raifali. Kaliba .223 Remington, ya komeo: kila ukishapiga unavuta komeo nyuma na kulirudisha kwa mkono. Dola 430, na darubini ya juu yake dola 180 nyingine.

Kwa nini raifali? Kiburi tu. Kichwani mwangu bunduki ya marisau ilikuwa ya askari anayesinzia mlangoni pa benki. Raifali ndiyo ya mwanamume.

Nisiidhulumu, maana ni chombo kizuri. Risasi yake ina upana wa milimita 5.7 na uzito wa gramu 3.6 hivi, nyepesi kuliko sarafu ya shilingi moja, lakini inatoka mdomoni kwa kasi inayokaribia kilomita moja kwa sekunde. Haipigi bega. Unaweza kulenga shabaha na risasi 40 kabla ya staftahi na bado ukanyanyua kikombe cha chai bila kutetemeka. Katika hatua 100, risasi tatu nilizifunika kwa kikombe cha kahawa, hiki hiki kidogo cha barazani. Nilikuwa nikiwaonyesha watu lile karatasi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Sasa aibu yake. Asubuhi ya tano au ya sita nimekaa chini ya mathenge, umande umenilowanisha suruali, nimepuliza kipenga mara mbili. Haikufika dakika tano, koyote akatokea mkono wa kushoto. Hatua 15, labda pungufu. Nikanyanyua raifali taratibu, nikabandika jicho kwenye darubini, na nilichokiona ni manyoya. Manyoya matupu, ya kijivu na kahawia, kama mtu aliyelaza uso kwenye zulia. Jana yake nilikuwa nikipiga makopo ya mbali na darubini nikaiacha kwenye 12, yaani inakuza mara 12. Nikasogeza kulia, manyoya. Nikasogeza kushoto, mwiba mkubwa kama mnara. Sikujua niko tumboni, shingoni au mkiani. Nikatoa jicho kumtazama kwa macho niliyopewa na Mungu, nikamkuta ananitazama. Tukatazamana hivyo kwa muda wa kumeza mate. Kisha hakuna koyote.

Kosa langu, si la bunduki, nitalikubali. Lakini linaonyesha kitu ambacho wauzaji hawakiweki mbele: hizo darubini kubwa zinazopendeza kabatini zimetengenezwa kwa ajili ya mbali. Nikaibadilisha ile yangu kwa ndogo inayoanzia 2, nikajizoeza kila ninapoketi kuizungusha mpaka 2 kabla ya kugusa kipenga. Hapo mambo yakawa nafuu.

Kuna na jambo la pili la raifali karibu, na hili lilinichukua miezi kulielewa. Darubini imekaa juu ya mtutu, kama sentimita 4. Ukiwa umeirekebisha igonge sawasawa katika hatua 100, basi hapo kwenye hatua 15 risasi bado iko chini ya macho yako, inagonga sentimita 3 chini ya unapolenga. Kifuani pa koyote hiyo si hoja. Lakini mimi nilikuwa nikilenga kupitia tundu kati ya vijiti viwili. Darubini inaona tundu safi kabisa, mtutu unaona kijiti. Risasi nyepesi ya kasi namna ile ikigusa kijiti inapasuka au inapotea njia. Nilikata tawi la mathenge mbele ya pua ya koyote mmoja kwa ustadi ambao seremala angenisifu.

Yule mzee Mmexico aliponisikia nikilaani, alicheka mpaka akavua kofia. Akaniambia ninakata kitunguu kwa shoka. Akanipeleka kwa jamaa aliyekuwa anauza bunduki yake ya marisau, Remington 870, geji 12, kitako kimechubuka kama boti iliyoburutwa juu ya mwamba, dola 220. Aina hii inatengenezwa tangu 1950, na ni ya kusukuma: mkono wa kushoto unavuta kile kishikio cha chini ya mtutu nyuma, ganda linaruka, unakirudisha mbele, iko tayari. Fundi yeyote wa baiskeli hapa Malindi angeifungua na kuifunga bila kuuliza.

Vijana waliniuliza geji 12 ni 12 ya nini, na nilifurahi kuwajibu kwa sababu ni hesabu ya kizamani nzuri. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vipande 12 vilivyo sawa, vifinyange viwe duara. Duara moja ndilo upana wa mtutu, kama milimita 18 na nusu. Ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, japo namba ni kubwa.

Na hapa inakuja aibu ya pili, ambayo siisimulii kwa kucheka.

Stoo kulikuwa na boksi la risasi za ndege, namba 6. Ndani yake mna punje ndogo ndogo za milimita 2.8, mamia. Nikajiambia marisau ni marisau. Koyote akaja, hatua 30, ubavu wazi, nikapiga. Akaanguka, akabingirika, nikasimama nikiwa nimeshasema alhamdulillahi. Naye akainuka. Akaingia kwenye mpungate akiburuta mguu wa nyuma. Nilimfuata kwa matone, tone hapa, tone baada ya hatua kumi, jua limepanda, sindano zimenijaa mpaka kwenye ukosi wa shati. Nilimpata karibu na adhuhuri kwenye korongo kavu, amejikunja, bado anahema, na anajilamba pale punje zilipoingia. Nikammaliza. Zile punje zilikuwa zimeishia chini ya ngozi na kwenye nyama ya juu, hazikufika popote pa maana. Mchana ule chakula hakikunipita. Mnyama ameua mbuzi wangu, sawa, lakini sikutumwa kumtesa.

Jioni nikamweleza yule mzee. Hakucheka safari hii. Kesho yake akaja na maboksi ya karatasi ngumu, yale ya kupakilia matunda, akayapanga kwenye ua, na akanifundisha kazi ambayo mnunuzi wa bunduki ya marisau anapaswa kuifanya kabla ya kazi nyingine yoyote. Tulichukua sinia la bati, tukachora mduara wake kwenye kila boksi. Kifua cha koyote hakizidi hapo. Kwa kweli ni kidogo zaidi. Kisha tukapiga kila boksi mara moja, kwa risasi tofauti, kutoka hatua tofauti, na kuhesabu matundu.

Za 00, risasi za wanyama, zile ambazo watu huzisifu, ndani ya ganda la inchi mbili na robo tatu mna punje 9, kila moja milimita 8.4. Punje nzito, inavunja mfupa. Lakini ni 9 tu. Katika hatua 20 zilikaa ndani ya sinia zote. Katika hatua 30 zikaingia 5. Katika hatua 45 zikaingia 2, na katikati paliachwa uwazi ambao koyote angeweza kupita na mizigo yake.

Za namba 4, na hapa usichanganye: si namba 4 ya ndege, ni namba 4 ya wanyama. Zina punje 27 katika ganda la urefu uleule, milimita 6 kila moja. Na ukichukua ganda refu la inchi 3, punje 41. Katika hatua 30 niliweka 19 kati ya 27 ndani ya sinia, zimetapakaa sawasawa kama ufuta juu ya mkate. Katika hatua 40 zikabaki 11, na mianya miwili mitatu iliyonitia wasiwasi. Nikaweka mpaka wangu: hatua 35. Akisimama kwenye 36, aende salama.

Na ule mdomo. Mwishoni mwa mtutu unafunga kibano cha chuma cha kubana marisau yatoke yameshikamana. Mimi nilidhani kinachobana zaidi ndicho bora. Kumbe punje kubwa ukizibana mno zinagongana na kuharibika, zinatawanyika hovyo. Kwangu kibano cha kati ndicho kilichotoa boksi zuri kuliko vyote. Kwa bunduki nyingine, hata ya kiwanda hicho hicho, huenda ikawa kinyume. Ndiyo sababu ya maboksi.

Hapa mjomba wangu, mvuvi, ambaye muda wote alikuwa ananyonya kahawa yake kimya, akasema: "Kumbe. Marisau ni kimia, raifali ni mshipi." Baraza zima likakubali, hata mimi, maana limekaa vizuri. Lakini baadaye nikaona nisiliache hivyo. Watu hudhani marisau yanatoka mdomoni na kufunguka papo hapo kama kimia kinavyofunguka hewani, kwamba huna haja ya kulenga. Uongo. Katika hatua 12, kwa bunduki yangu na kibano changu, punje zote 27 ziliingia kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Kisahani! Nimewahi kumkosa koyote wa hatua 12, mchana kweupe, kwa sababu nilipiga bila kushusha shavu kwenye kitako. Nikamwambia mjomba. Akanitazama kwa huruma. "Na kimia nacho hulengwa. Wewe wadhani twatupa tu?"

Sasa niseme inavyokuwa siku yenyewe, maana bunduki haipimwi kwenye maboksi tu.

Koyote akisikia kipenga haji moja kwa moja mdomoni mwako. Anazunguka ashike upande wa demani, kule upepo unakoelekea, apate harufu yako kwanza. Hili mtu wa pwani halimpi taabu; mimi nilijua joshini na demani tangu utotoni. Ukikaa, unaacha upande wa demani pawe pana uwazi kidogo, njia ya mbuzi au bonde dogo, alazimike kulivuka. Na anapolivuka hatembei. Anakatiza mbio, kichwa chini, sekunde mbili au tatu, halafu pori limemmeza tena. Raifali na darubini hapo, hata iwe kwenye 2, mimi si hodari kiasi hicho. Marisau unamfuata kwa mdomo wa mtutu, unampita kidogo mbele, unapiga huku mikono inaendelea kuzunguka. Na wakija wawili, kama wanavyokuja sana baridi inapokolea, kile kishikio cha kusukuma kinakupa cha pili kabla wa kwanza hajamaliza kuanguka. Kwa komeo, wa pili nilimpata mara moja tu katika miaka yote, naye nadhani alikuwa kiziwi.

Kero za marisau ni nyingi pia. Inapiga bega kama punda. Siku ya maboksi tulipiga mara 14, na jioni bega langu lilikuwa na rangi ya zambarau mpaka kifuani, nililala chali siku nne. Risasi zake ni ghali. Wakati wangu moja nzuri ilinigharimu zaidi ya dola moja na nusu, wakati ya .223 ilikuwa senti 60. Zinajaza mfuko na ni nzito. Mlio wake unaamsha kaunti nzima, ingawa na raifali nayo si mnong'ono: zote mbili vaa vizibo vya masikio. Mimi nilichelewa, na hii filimbi ninayoisikia usiku sikio la kulia nimeishi nayo tangu hapo.

Kinachonitia uzito upande wa raifali ni nini? Mbali. Kulikuwa na upande mmoja wa ranchi ambako mathenge yalikuwa yameng'olewa kwa tingatinga, uwanja mtupu. Huko koyote husimama hatua 80, 100, akakaa kitako, akakudharau. Nikiwa na marisau nilikuwa namwangalia tu. Nikiwa na raifali, bismillahi, moja, basi. Na haiachi mnyama nusu. Koyote aliyepigwa kifuani na .223 haendi korongoni kujilamba.

Lakini ile risasi ikikosa haisimami hapo. Inaweza kwenda kilomita 2 na ushei, na Texas ile ni tambarare kama meza. Kulikuwa na nyumba ya jirani, kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na yule mzee mwenyewe anayekagua waya wa ua saa zisizotabirika. Mara ngapi nimeshusha raifali kwa sababu nyuma ya koyote sikuona mlima wala ukingo wa udongo, naona mbingu tu! Marisau nayo husafiri, usidanganywe, punje kubwa inafika mamia ya mita. Ila katika hatua 20, ukiwa umeketi mahali pa juu kidogo na unapiga kushuka, zinaishia mchangani palepale.

Nilikuwa na daftari. Miaka mitano, koyote 23. Marisau 16, raifali 7. Wa karibu kabisa alikuwa hatua 6, nilisikia pumzi yake kabla sijamwona. Wa mbali kabisa kwa marisau hatua 34. Kati ya wale 7 wa raifali, watano walikuwa kwenye ule uwanja mtupu. Kwa hiyo vichakani, mahali hasa mlipouliza nyinyi, hesabu ni 16 kwa 2.

Basi jibu langu, kijana. Pori zito, mnyama anakuja karibu: marisau, geji 12, ya kusukuma, ya mitumba inatosha, punje namba 4 za wanyama, kibano cha kati, na maboksi kwanza. Ukiwa na pesa ya bunduki moja tu na shamba lako lina pori na uwanja pamoja, nunua .223 yenye darubini inayoanzia 2 au chini yake, na ukubali kwamba wale wanaokatiza mbio watakupita wengi. Darubini ya 12 mwachie anayepiga makopo. Na yeyote atakayekuuzia risasi za ndege akakwambia zinatosha kwa koyote, mrudishie.

Kuna jambo jingine ambalo vijana halikuwafurahisha. Mwaka wangu wa nne mwenye ranchi alinunua mbwa wawili, wale weupe wakubwa wa milima ya Pirenei, wanaolelewa zizini tangu wachanga mpaka wanajiona mbuzi. Walilala mchana, usiku walizunguka wakibweka. Msimu uliofuata tulipoteza vitoto viwili tu. Bunduki zote mbili, na darubini yangu ya dola 180, na bega la zambarau, hazikuwahi kufanya hivyo. Nilipomwambia mjomba akasema Ganda mbwa wake wanabweka bure na hawajasoma Marekani.

Nilipoondoka nilimwachia yule mzee 870, raifali nikaiuza. Nilichorudi nacho ni kipenga. Vijana wakataka kukisikia. Nikakataa, saa zimekwenda, wakanibembeleza, basi nikaingia ndani nikakitafuta, nikakipuliza mara moja tu pale barazani, ile sauti ya sungura inayopanda na kukatika. Paka wote wa mtaa waliokuwa kwenye mifupa ya changu kule jaani wakanyanyua vichwa kwa pamoja. Mmoja akaanza kuja, tumbo chini, polepole, amezunguka mpaka upande wa demani. Dirisha la jirani likafunguka, mama mmoja akauliza kwa sauti ni nani huyo anayechinja usiku huu na mnataka kututia balaa gani.

Mjomba akanyoosha mkono, akakichukua kipenga, akakitia mfukoni mwake.